UZI: Kila kifupisho cha ndege kiulize "kutoka wapi?"

Mwanzisha uzi:

Assalaam aleikum wapwani wenzangu, na hamjambo nyote mlio bara na ughaibuni.

Jana jioni binti wa jirani yetu hapa Magongo, anayejiandaa na mtihani wa udisipacha, alinijia na daftari la vifupisho. Vimo zaidi ya mia mbili, vimeandikwa kwa hati nzuri, kila kimoja na kirefu chake. Amevihifadhi vyote, hakosei hata kimoja. Nikamuuliza swali moja tu: "Rubani anaangalia DME, chombo chake cha kupima umbali kwa redio, anasoma 5. Yuko maili 5 kutoka wapi?" Akasita, kisha akajibu, "Kutoka uwanjani, ami."

Ukilisikia jibu hilo unaona halina kasoro. Lakini limo katika ripoti ya ajali iliyoua watu 228, na nitafika huko. Ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Nimefanya udisipacha miaka 26, mingi yake hapa Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa ambao wazee wa Changamwe bado wanauita Port Reitz. Disipacha ndiye anayekaa na karatasi kabla ndege haijaondoka: mafuta kiasi gani, njia ipi, uwanja gani wa akiba iwapo huko waendako hakutuliki, hali ya hewa ikoje, uzito umekaaje. Kazi yote ni vifupisho. Vijana wengi niliowafundisha walikuja wakijua kila herufi inasimama badala ya neno gani la Kiingereza, lakini hawajui namba inayofuata imeanza kuhesabiwa wapi. Saa imehesabiwa kutoka wapi, kimo kutoka wapi, upepo unatoka wapi, umbali kutoka wapi. Rubani mwenye kirefu cha kifupisho kichwani na asiye na jibu la swali hilo ana hatari kuliko asiyejua kitu, maana asiyejua huuliza.

Nianze na saa. Inawasumbua wengi, na kumbe sisi Waswahili tuna njia yetu ya mkato.

Karatasi zote za ndege zinatumia saa ya Greenwich, kifupi chake UTC, na baada ya namba utaona herufi Z, ambayo redioni hutamkwa Zulu. 0600Z ni saa sita kamili tangu usiku wa manane wa Greenwich. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo saa ya ukutani hapa ni 0900. Lakini Mswahili hasemi saa tisa, anasema saa 3 asubuhi, kwa kuwa saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri, siyo usiku wa manane. Basi tazama: unaongeza 3 kupata saa ya hapa, kisha unatoa 6 kupata saa ya Kiswahili. Ongeza 3 toa 6 ni sawa na kutoa 3. Chukua saa ya Zulu, toa 3, umemaliza. 0600Z ni saa 3 asubuhi. 1400Z ni saa 11 jioni. Ikizidi 12 unaondoa 12: 1800Z inakupa 15, yaani saa 3 usiku. Ikiwa haifiki 3 unaongeza 12 kwanza: 0100Z ni 13, toa 3, saa 10 alfajiri. Nimewafundisha hivi watu wa mizigo, wa upishi na madereva, na hakuna aliyesahau.

Na herufi Z yenyewe usiiache hata siku moja. Mwaka mmoja, kampuni ya ndege za kukodi ambayo sitaitaja ilituma ujumbe kwamba marubani wachukuliwe hotelini Nyali "0230". Basi, hakuna Z, hakuna chochote. Wao walikusudia saa ya hapa, saa 8 na nusu usiku. Aliyepokea alikuwa amezoea karatasi zetu, akaongeza 3, gari likafika saa 11 na nusu alfajiri. Marubani walikuwa wamekaa kwenye viti vya mapokezi saa tatu nzima, na abiria wako uwanjani na watoto wamelala sakafuni. Kosa lote ni herufi moja iliyokosekana.

Karibuni kwa maswali. Nitaendelea na upepo baada ya Isha.

Kijana wa Changamwe:

Shukran sana ami. Mimi nina swali dogo. Tiketi yangu na begi langu vinaandikwa MBA. Lakini kwenye zile programu za kufuatilia ndege naona HKMO. Kuna tofauti gani, au ni viwanja viwili?

Mwanzisha uzi:

Uwanja ni huo huo, mdogo wangu. MBA ni ya shirika la mashirika ya ndege, IATA, na kazi yake ni tiketi na mizigo. HKMO ni ya shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO, na ndiyo inayotumika kwenye mpango wa safari, hali ya hewa na matangazo ya marubani. Ya IATA haikwambii chochote zaidi ya jina. Ya ICAO ina anwani ndani yake: H ni upande wetu huu wa Afrika, K ni Kenya, MO ni Mombasa. Nairobi ni HKJK, Malindi HKML, Lamu HKLU, Kisumu HKKI. Ukivuka mpaka, Tanzania ni HT, ndiyo Dar es Salaam ikawa HTDA na Unguja HTZA. Uganda ni HU, Entebbe HUEN. Ukiona herufi mbili za mwanzo tu unajua ndege inaelekea nchi gani.

Sasa upepo. Hapa ninawaomba mtulie kidogo, maana ni jambo ambalo babu zetu walilijua kabla ya ndege kuwako.

Upepo wa kaskazi unaitwa hivyo kwa sababu unatoka kaskazini. Kusi unatoka kusini. Hakuna nahodha wa jahazi aliyeuita upepo kwa jina la unakokwenda. Taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, kifupi chake METAR, inafuata desturi hiyo hiyo. Ukiona 20012KT, tarakimu tatu za mwanzo ni nyuzi: upepo unatoka nyuzi 200, yaani kusini kukengeuka kidogo magharibi. Mbili zinazofuata ni kasi, noti 12, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, mita 1,852. Huyo ni kusi. Ukiona 04010KT, huyo ni kaskazi.

Tazama sasa njia yetu kubwa ya kurukia pale Moi. Upande mmoja imeandikwa 03, upande wa pili 21. Ni nyuzi 030 na 210, sifuri ya mwisho imeachwa. Ndege hutua na kupaa ikiukabili upepo. Kaskazi akivuma, tangu kama Desemba hadi Machi, ndege inatumia 03, pua ikitazama kaskazini mashariki. Kusi akiingia, ndege inageuka, inatumia 21. Mkazi wa Changamwe asiyejua kifupisho hata kimoja anajua kwamba kuna miezi ndege zinapita juu ya paa lake zikishuka na miezi zinapita zikipaa. Ni zile nyakati mbili za majahazi ya kwenda na kurudi Uarabuni.

Lipo jambo moja dogo la "kutoka wapi" hapa pia. Nyuzi za upepo kwenye METAR zimehesabiwa kutoka kaskazini ya kweli, ile ya ramani. Namba za njia ya kurukia, na upepo anaokusomea mwongoza ndege kutoka mnarani, zimehesabiwa kutoka kaskazini ya dira. Hapa kwetu tofauti ni ndogo sana, unaweza kufanya kazi miaka usiione. Kaskazini mwa Kanada, karibu na ncha ya sumaku, tofauti ni kubwa mno hata njia za kurukia huko zimepewa namba kwa kaskazini ya kweli.

Mzee wa Kilindini:

Nimekusoma kwa furaha, mwenzangu. Mimi nilikuwa baharini, kwenye mashua za kuvuta meli hapa Kilindini, sasa nimestaafu. Hilo swali lako la kutoka wapi ndilo letu pia. Ramani ya bandari ikisema kina ni mita 13, kijana mgeni anadhani ni mita 13 leo, sasa hivi. Siyo. Kina kile kimehesabiwa kutoka maji kupwa ya chini kabisa, yale ya bamvua kubwa. Ukija maji yamejaa una zaidi. Je, nyinyi huko juu mnahesabu kimo kutoka wapi? Bahari si inapanda na kushuka?

Mwanzisha uzi:

Mzee wangu, umegusa penyewe. Na kwa heshima yako nitalijibu kwa urefu, kwa sababu kifupisho chake kimetoka kwenu.

Kipima kimo cha ndege hakipimi kimo. Kinapima mgandamizo wa hewa, kisha kinaubadilisha kuwa futi. Hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake: leo mgandamizo uko juu, kesho umeshuka. Kwa hiyo rubani lazima akiambie chombo chake kianzie wapi, na namba anayoiingiza ndiyo QNH. Hiyo haina kirefu. Vijana wanahangaika kutafuta Q ni nini, N ni nini, wengine wanajitungia maneno. Ni msimbo wa simu za upepo. Waingereza walitunga misimbo inayoanza na Q karibu mwaka 1909, kwa ajili ya meli na vituo vya pwani, ili telegrafu iwe fupi. Ndege zikairithi kutoka kwa mabaharia.

Ukiingiza QNH ya uwanja, chombo kinakusomea kimo juu ya usawa wa bahari. Ukiwa umesimama ardhini hapa Moi kinasoma kama futi 200, kwa kuwa uwanja uko juu ya bahari kwa kiasi hicho. Ukiwa umesimama Nairobi kwenye JKIA kinasoma kama 5,330. Kuna QFE, ambayo ukiingiza chombo kinasoma sifuri ukiwa uwanjani, kwa hiyo futi zako zinaanzia kwenye lami. Na kuna kipimo cha wote, 1013, ambacho ndege zote za juu huingiza ili ziwe na mwanzo mmoja zisigongane, hata kama mwanzo huo si bahari ya kweli ya siku hiyo.

Makosa yake yakoje? Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali moja, kile kipimo cha mgandamizo, ni kama futi 27 hadi 30. Ikiwa QNH ya kweli ni 1003 na wewe umeacha 1013, chombo kitakuambia uko juu karibu futi 300 kuliko ulipo. Usiku, mvua inanyesha, futi 300 ni minazi na nyumba za watu.

Na kwa kuwa umetaja ramani: kwenye karatasi ya kushukia kuna duara lenye MSA, kimo cha chini cha usalama kwa kila upande. Kimewekwa angalau futi 1,000 juu ya kitu kirefu kuliko vyote ndani ya maili 25 za baharini. Anayekuja kutua njia ya 03 anatoka kusini magharibi, na upande huo viko vilima vya Shimba, vinavyopita mita 400. Kutoka ufukweni huvioni kama kitu. Kutoka kwenye kiti cha rubani, wingu likiwa limevifunika, ndivyo sababu ya duara lile kuwapo.

Mzee wa Kilindini:

Alhamdulillahi. Kumbe tuna bamvua la bahari na bamvua la hewa. Endelea, mwenzangu.

Binti wa Magongo:

Ami, ni mimi mwenye daftari. Nimesoma yote. Ninapokwama ni kwenye kushuka kwa vyombo: ILS, LOC, DA, DH, MDA. Kwenye daftari DA na MDA zinaonekana kama kitu kimoja. Na bado hujanijibu la DME.

Mwanzisha uzi:

Karibu mwanangu. La DME nimelihifadhi makusudi. Tuanze na ILS, kwani hilo la pili haliwezi kueleweka bila hili.

ILS ni mawimbi mawili ya redio. La kwanza, LOC, linamwambia rubani kama yuko katikati ya njia ya kurukia au amekengeuka kushoto au kulia. La pili, GP, linamwambia kama yuko juu au chini ya mteremko wa kutua, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3. Mteremko wa nyuzi 3 ni kama futi 300 kwa kila maili ya baharini. Hesabu hiyo iweke kichwani daima: maili 5 kabla ya kizingiti cha njia ya kurukia, uwe kama futi 1,500 juu yake. Maili 3, futi 900 na kitu. Rubani mwenye hesabu hii kichwani hadanganyiki kirahisi hata chombo kikiharibika.

DH na DA ni mahali pa kuamua: naona taa za njia, natua, sioni, naondoka. Tofauti yake ni lile swali letu. DH imehesabiwa kutoka kwenye kizingiti cha njia, DA kutoka usawa wa bahari. ILS ya daraja la kwanza huruhusu kushuka hadi DH ya futi 200, na mwonekano kwenye njia, kifupi RVR, usiopungua mita 550. Daraja la pili ni futi 100 na mita 300. Sasa chukua uwanja wa kubuni ambao kizingiti kiko futi 190 juu ya bahari: DH 200, DA ni 390. Uhamishie juu, kizingiti kiwe futi 5,300: DH ni ile ile 200, DA sasa ni 5,500. Mwenye kukariri "ni mia mbili" bila kusema kutoka wapi ameshapotea.

MDA ni tofauti kabisa, na hapa daftari lako limekuangusha. MDA hutumika pale ambapo GP haipo, una LOC peke yake, au VOR, au NDB, mitambo ya redio inayoonyesha mwelekeo tu. Hakuna wimbi la kukuonyesha mteremko. Unashuka ngazi kwa ngazi kwa kufuata karatasi, na MDA ni sakafu. DA ukiifikia unaamua, na ndege ikizama kidogo chini yake wakati inaanza kupanda, hilo limeshahesabiwa. MDA huruhusiwi kuivuka hata futi moja mpaka uone njia ya kurukia. Moja ni mlango, nyingine ni sakafu ya zege.

Kwa hiyo kabla ya safari disipacha anasoma NOTAM, matangazo ya mabadiliko viwanjani. Mfano wa kubuni: "ILS RWY 03 GP U/S", kisha B) 2503100600 C) 2503101400. RWY ni njia ya kurukia, U/S ni chombo kisichofanya kazi. Tarehe inaanza na mwaka: 2025, mwezi wa 3, tarehe 10, kuanzia 0600 hadi 1400, zote Zulu. Toa 3: saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Herufi GP U/S maana yake ni kwamba ILS yako leo siyo ILS. Umebaki na LOC. DA yako imekufa, tumia MDA.

Sasa Guam.

Tarehe 6 Agosti 1997, usiku, mvua, ndege aina ya Boeing 747 ya Korean Air, safari 801, ikitoka Seoul na watu 254. GP ya Guam ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, na NOTAM ilikuwapo. Ilibidi washuke kwa LOC, ngazi kwa ngazi, kwa kusoma DME. Ndani ya chumba cha marubani walizungumza kama GP inafanya kazi au haifanyi. Na DME ya Guam haikuwa uwanjani. Ilikuwa juu ya kilima cha Nimitz, maili 3.3 kabla ya njia ya kurukia. Yaani ukielekea kutua, namba ya DME inashuka hadi sifuri juu ya kilima, kisha inaanza kupanda tena hadi 3.3 kwenye njia yenyewe. Anayedhani DME imehesabiwa kutoka uwanjani, akiona namba ndogo anadhani amekaribia kutua, anaendelea kushuka. Ndege iligonga kilima hicho. Walikufa 228. Wachunguzi wa Marekani walilaumu maandalizi ya nahodha ya mkaribio ule, na waliandika kwamba yawezekana alichanganya mahali DME ilipo.

Mwanangu, uliponijibu "kutoka uwanjani, ami", nilimkumbuka mtu ambaye simjui, amekaa kwenye kiti chake usiku ule akisoma namba sahihi kabisa. Chombo hakikumdanganya. DME husema umbali kutoka kwenye mtambo wake, popote ulipo. Na hata mtambo ukiwa uwanjani, umbali ule ni wa mshazari: ukipita juu yake futi 6,000, DME haisomi sifuri, inasoma kama maili 1, ambayo ni kimo chako mwenyewe. Andika hilo kwenye daftari, mstari wake peke yake.

Kijana wa Changamwe:

Ami, nimesoma la Guam nimekaa kimya kwa muda. Je, siku hizi si kuna GPS, haya yote yamekwisha?

Mwanzisha uzi:

Yamepungua sana, namshukuru Mungu, lakini vifupisho vimeongezeka. Kwenye karatasi utaona RNP na namba, kwa mfano RNP 0.3. Maana yake ndege inabaki ndani ya maili 0.3 kutoka mstari wa katikati wa njia yake kwa asilimia 95 ya muda, na chombo chenyewe kinapiga kelele kikishindwa kuhakikisha hivyo. Ndani yake kuna LNAV, ambayo ni kushoto na kulia tu, kwa hiyo mwisho wake ni MDA, na LNAV/VNAV, ambayo ina mteremko, kwa hiyo mwisho wake ni DA. Umeona? Jina geni, swali lile lile.

Na mashine haimwokoi asiyesoma kipimo. Tarehe 20 Januari 1992, Airbus A320 ya Air Inter ilikuwa ikishuka Strasbourg, Ufaransa, kwa VOR na DME. Kwenye ndege ile kitufe kimoja kilikuwa na hali mbili: V/S, ambayo ni kasi ya kushuka kwa futi kwa dakika, na FPA, ambayo ni nyuzi za mteremko. Kwenye hali ya FPA ukiweka 3.3 unashuka nyuzi 3.3, kwa mwendo wa ndege ile ni kama futi 800 kwa dakika. Kwenye V/S dirisha linaonyesha 33, na hiyo ni futi 3,300 kwa dakika. Wachunguzi waliona kwamba yawezekana sana marubani walidhani wako kwenye hali moja ilhali wako kwenye nyingine. Ndege iligonga mlima karibu na Mont Sainte-Odile. Kati ya watu 96 walipona 9. Haikuwa na kile chombo cha kuonya ukikaribia ardhi, GPWS. Baadaye Airbus walibadilisha dirisha, V/S ikaonyeshwa kwa tarakimu nne, ili mtu aone 3300 nzima asiichanganye na 3.3.

Mama wa Bamburi:

Kaka yangu, samahani kwa kuingia na swali la chini. Mimi si mtu wa kurusha ndege. Mama yangu ana miaka 81, tunampeleka Nairobi kwa daktari. Wakala ametuandikia WCHR kwenye tiketi. Mwaka jana tulifika chini ya ndege, ngazi iko mbele yetu, na hakuna wa kumpandisha. Ilinibidi nimbebe mgongoni na mdogo wangu. Hiyo WCHR ni nini hasa?

Mwanzisha uzi:

Dada yangu, hakuna swali la chini hapa, na pole sana kwa mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengi, maana ni kifupisho cha mtu.

Kuna tatu, na tofauti yake ni msaada unaishia wapi. WCHR: mgonjwa anasaidiwa kwa kiti kwa ule mwendo mrefu hadi kwenye ndege, lakini anaweza kupanda ngazi mwenyewe na kutembea ndani. WCHS: hawezi ngazi, apandishwe hadi mlangoni, kisha anatembea hadi kitini. WCHC: hawezi kutembea kabisa, asaidiwe hadi kwenye kiti chake. Wakala aliyeandika WCHR aliandika kwamba mama anaweza ngazi. Wale wa chini hawakupewa habari nyingine, kwa hiyo hawakuleta gari la kunyanyulia.

Piga simu leo, usingoje siku ya safari. Sema wazi: "Mama hawezi kupanda ngazi hata moja," au "Mama hawezi kusimama." Kisha mwambie wakala akusomee herufi ya mwisho. Ikiwa S au C, iko sawa kwa hali yake. Ukifika uwanjani, iulize tena herufi hiyo kwenye dawati la kujiandikisha. Mwenyezi Mungu ampe mama afya.

Mama wa Bamburi:

Amin, amin. Ninapiga sasa hivi.

(Baada ya nusu saa) Wamebadilisha, ni WCHC. Kumbe kilichokuwa kinakosekana ni herufi moja. Mungu akubariki kaka.

Mwanzisha uzi:

Alhamdulillahi.

Wengine waliniuliza kwa faragha vile vya kuchelewa. STD ni saa iliyopangwa kuondoka, ETD ni inayokadiriwa sasa, ATD ni iliyoondoka kweli. Na kila kuchelewa kunapewa namba: 93 ni kwamba ndege yenyewe imechelewa kufika kutoka safari iliyotangulia, 41 ni hitilafu ya ndege, 72 ni hali ya hewa ya huko mnakokwenda. Abiria akiambiwa "sababu za kiutendaji" ana haki ya kuuliza ni zipi.

Binti, uko? Nakupa METAR ya mazoezi, isome yote bila kufungua daftari:

HKMO 101200Z 19014KT 9999 SCT022 28/21 Q1016

Binti wa Magongo:

Nipo, ami. Bismillahi.

Uwanja ni Mombasa. Tarehe 10, saa 1200 Zulu, toa 3, saa 9 alasiri. Upepo unatoka nyuzi 190 kwa kaskazini ya kweli, noti 14, huyo ni kusi, kwa hiyo njia ni 21. 9999 ni mwonekano wa kilomita 10 au zaidi. SCT ni wingu lililotawanyika, mafungu 3 hadi 4 kati ya 8 ya anga, kwenye futi 2,200 juu ya bahari. Joto 28, kiwango cha umande 21. QNH ni 1016, nikiiingiza nikiwa nimesimama Moi chombo kisome kama futi 200.

Mwanzisha uzi:

Mashallah. Umepata yote isipokuwa moja. Wingu. Rudi pale uliposema futi 2,200, ujiulize.

Binti wa Magongo:

Kutoka wapi...

Siyo kutoka baharini? Ni kutoka uwanjani?

Mwanzisha uzi:

Ni kutoka uwanjani. Wingu la METAR huhesabiwa juu ya uwanja wenyewe. Hapa Mombasa tofauti ni futi 200, haikuonekana. Sasa fanya taarifa ile ile iwe ya HKJK, wingu lile lile SCT022. Rubani aliyeingiza QNH ataliona wingu hilo kipima kimo kikisoma ngapi?

Binti wa Magongo:

5,330 jumlisha 2,200. Futi 7,530, ami.